Lubumbashi: Chujio linalofunguka na kufungwa kwa joto, je litaweza mwezi wa kumi?

Kuna namba moja ambayo wanakemia wanaoshughulika na hidrojeli wanaijua kwa moyo: digrii 32. Hapo ndipo moja ya hidrojeli zinazochunguzwa sana duniani inapobadilika ghafla. Chini ya joto hilo inanyonya maji na kuvimba. Juu yake inakamua maji, inasinyaa na kuwa nyeupe. Wakaaji wa Lubumbashi nao wanaijua namba hiyo, ila kwa njia ingine. Ni joto la mchana katika mwezi wa kumi, wakati mvua za kwanza zinangojewa na mabati ya nyumba za Katuba na Kenya yanawaka kama mbabula.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu watafiti wa Marekani, Ulaya na Asia wanataka kutumia hidrojeli hiyo kama chujio ndani ya biosensa. Biosensa ni kipimo kidogo kinachotumia kitu chenye asili ya uhai, mara nyingi enzimu, ili kutambua aina moja ya molekuli katikati ya maelfu ya zingine. Ile inayojulikana zaidi mjini kwetu ni kimashini cha kupima sukari ya damu: tone moja la damu kwenye kidole, kipande chembamba cha plastiki, halafu namba. Kwa mgonjwa wa diabeti, namba hiyo ndiyo inaamua kiasi cha insulini atakachojidunga, na kwa muuguzi aliye mbele ya mtoto mwenye malaria kali ndiyo inaamua kama atampa sukari upesi. Namba ikidanganya, mtu anaweza kufa.

Na mara nyingi ikidanganya, kosa haliko kwenye enzimu. Liko kwenye vitu vilivyoingia pamoja na sukari.

Kazi ngumu ya kuchuja

Mama anayechunga unga wa bukari anategemea jambo moja tu: ukubwa. Unga unapita, makapi yanabaki juu. Ndani ya damu kazi ya kwanza inafanana na hiyo. Chembe nyekundu ni kubwa sana, zinazuiliwa bila shida. Protini kama albumini, yenye uzito wa molekuli unaopita 66.000, nazo zinaweza kuzuiliwa na utando wenye matundu madogo. Glukozi ina uzito wa 180 tu, inapita.

Taabu inaanza hapo, kwa sababu vitamini C ina uzito wa 176. Asidi ya yuriki, ile inayoleta ugonjwa wa gauti, ina 168. Parasetamoli, dawa ambayo karibu kila nyumba ya Lubumbashi inayo, ina 151. Chekeche gani itatofautisha 180 na 176? Hakuna. Vitu hivi vitatu vina tabia moja mbaya: vikifika kwenye elektrodi vinaacha umeme kidogo pale, na kimashini kinahesabu umeme huo kama vile ni sukari.

Wataalamu walitafuta njia za kuzunguka. Vitamini C na asidi ya yuriki zina chaji hasi ndani ya damu, basi utando wenye chaji hasi unazisukuma nyuma. Parasetamoli haina chaji, hiyo inapita. Kwa hiyo katika vipimo vingine waliweka utando wa pili, chini ya enzimu. Enzimu ikishakula glukozi inatoa peroksidi ya hidrojeni, yenye uzito wa 34 tu, na utando huo wa chini unaruhusu vitu vidogo hivyo peke yake kufika kwenye elektrodi. Ni akili nzuri. Lakini haizuii kila kitu. Hidroksiurea, dawa inayotumiwa kupunguza maumivu na hatari za ugonjwa wa SS, ina uzito wa 76. Inajulikana kwamba inaweza kupandisha kwa uongo namba za baadhi ya vipimo vya sukari, zaidi sana vile vya kubandika kwenye ngozi. Katika nchi kama yetu, ambamo familia nyingi zina mtoto wa SS, hilo si neno la pembeni. Anayekunywa dawa hiyo na anayepimwa sukari anapaswa kumwambia mganga wake.

Kuna pia swala la upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, vimashini vingi vya zamani vinaonyesha sukari iliyo juu kuliko ile ya kweli. Vipya vinajaribu kusahihisha. Sasa fikiria mtoto mwenye malaria kali: damu imepunguka na sukari imeshuka, yote mawili kwa pamoja. Ni mgonjwa yule yule ambaye kipimo kinaweza kumdanganya vibaya zaidi, na upande mbaya: kinasema yuko sawa wakati hayuko sawa.

Jeli inayokamua maji yake

Hidrojeli si kitu kigeni. Ile punje ndani ya kushi ya mtoto mchanga, inayonyonya mkojo na kuvimba, ni hidrojeli. Lensi laini zinazovaliwa ndani ya jicho ni hidrojeli pia. Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Czechoslovakia ndio waliotangaza jeli ya namna hiyo mwaka 1960. Ni nyuzi ndefu za polima zilizofungwa pamoja kama wavu, na maji yamejaa katikati. Kinachopita kwenye wavu kinategemea nafasi kati ya nyuzi.

Hidrojeli iliingia ndani ya biosensa mapema. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, huko Marekani, walieleza namna ya kufunga enzimu kati ya tando na kuiweka juu ya elektrodi ya oksijeni ili kupima sukari. Miaka 5 baadaye, mwaka 1967, Updike na Hicks waliichukua enzimu hiyo wakaitega ndani ya jeli ya poliakrilamidi. Tangu hapo jeli haikutoka tena katika kazi hii: inashika enzimu isikimbie, inaruhusu sukari iingie, na inazuia protini zisije kuziba mlango.

Ile ya digrii 32 ina jina refu, poli-N-isopropilakrilamidi, kwa kifupi PNIPAM. Tabia yake ilielezwa na Heskins na Guillet huko Toronto, Kanada, mwaka 1968. Miaka 10 baadaye Toyoichi Tanaka, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti kwenye chuo cha MIT, alionyesha kwamba jeli zinaweza kusinyaa kwa ghafla, kama vile maji yanavyogeuka mvuke, bila kupita polepole katikati.

Sababu ya tabia hiyo ni hii. Joto likiwa chini, maji yanashikamana na nyuzi za polima, yanazitenganisha, na jeli inakaa imevimba, yenye kuangaza kama kioo. Joto likipita mpaka, maji yanaachilia. Nyuzi zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kukamua maji nje. Ukiangalia kwa macho utadhani ni ute wa yai kwenye kikaango, namna unavyogeuka mweupe. Lakini yai likishaiva halirudi nyuma. PNIPAM ukiipoza inarudi kama mwanzo, na unaweza kurudia mara nyingi.

Hapo ndipo wazo la chujio lilipotoka. Utando wote ukiwa wa jeli, ukiwa wa baridi nafasi ni kubwa na molekuli zinapita. Ukiupasha moto unakaza na mlango unafungwa. Lakini ukichukua utando mgumu wenye matundu, ukaotesha nyuzi za PNIPAM kama nywele ndani ya kila tundu, mambo yanageuka: kwenye baridi nywele zinavimba na kuziba tundu, kwenye joto zinasinyaa na tundu linafunguka. Ni polima ile ile, joto lile lile, na majibu mawili yanayopingana. Anayenunua au kujenga kifaa lazima ajue ni ipi anayo mkononi.

Faida yake? Chujio la kawaida lina ukubwa mmoja tangu siku linapotoka kiwandani. Hili unaweza kuliamuru. Unaliacha wazi ili sampuli iingie, unalifunga ili kiasi kile kile kibaki ndani, unapima bila kitu kingine kuja kuvuruga, halafu unalifungua na kuosha. Linaweza pia kujisafisha. Melissa Grunlan na wenzake huko Texas A&M wamefanya kazi miaka mingi juu ya tando za aina hii za kufunika kipimo cha sukari kinachowekwa chini ya ngozi. Taabu ya vipimo hivyo ni kwamba mwili unavichukia: protini na chembe zinakuja kuvibandika mpaka sukari haifiki tena. Utando unaovimba na kusinyaa kidogo kidogo kufuatana na mabadiliko ya joto la ngozi unavitikisa vitu hivyo visikae.

Mbio za jeli zinategemea unene wake. Ukiipunguza unene mara 10, inajibu upesi mara 100 hivi, kwa sababu maji yana njia fupi ya kutoka. Kipande chenye unene wa milimita moja kinaweza kuhitaji dakika nyingi au saa. Utando mwembamba kuliko unywele unahitaji sekunde au pungufu. Ndiyo maana kwa biosensa wanatafuta tando nyembamba kabisa, na ndiyo maana zinapasuka kwa urahisi. Jambo hilo halisemwi sana katika makala zinazosifu uvumbuzi huu.

Baridi ya mwezi wa saba, joto la mwezi wa kumi

Turudi Lubumbashi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1.200 kutoka usawa wa bahari. Katika mwezi wa sita na wa saba asubuhi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na watu wanatoka na makoti. Mwezi wa kumi mchana unafika digrii 32 na siku zingine kupita hapo. Ndani ya gari lililofungwa, au ndani ya kituo cha afya chenye mabati bila dari, ni zaidi.

Katika laboratwari ya Ulaya yenye kiyoyozi, joto linakaa digrii 20 au 25 mwaka mzima. Pale PNIPAM iko upande mmoja wa mpaka na inangoja amri. Hapa kwetu mpaka wenyewe uko katikati ya hali ya hewa. Chujio lile lile lingekuwa wazi asubuhi na kufungwa mchana, bila mtu kuliamuru, na muuguzi asingejua.

Tena digrii 32 ni namba ya maji safi. Chumvi inashusha mpaka huo. Kwa chumvi iliyo kiasi kama ile ya damu, mpaka unashuka digrii moja hadi mbili hivi. Maana yake, katika damu au mkojo, chujio linaweza kuanza kujifunga kwenye digrii 30 au 31. Siku za joto kama hilo Lubumbashi si mwezi wa kumi peke yake.

Je, teknolojia hii haitufai? Hapana, si hivyo. Mpaka huo unaweza kusogezwa. Ukichanganya kwenye polima vipande vinavyopenda maji zaidi, unapanda. Ukichanganya vinavyoyachukia, unashuka. Kwa maoni yangu kifaa cha kutumiwa Katanga kingepaswa kuwa na mpaka ulio juu ya joto lolote tunalolipata, halafu kiwe na waya mdogo wa kupasha moto chini ya utando. Kupasha moto eneo dogo kama ukucha ni kazi ya betri ndogo. Kupoza ndiyo kazi ngumu: anayetaka kupoza kitu Lubumbashi mwezi wa kumi, wakati umeme umekatika na frigo imelala, anajua. Lakini pia mpaka usipandishwe ovyo, kwa sababu enzimu nazo zinachoka zikipata joto kali.

Wakati tunangoja vifaa vya kesho, vya leo tayari vinateswa na joto. Vipande vingi vya kupimia sukari vinauzwa na maandishi kwenye kopo kwamba vihifadhiwe chini ya digrii 30. Kimashini chenyewe mara nyingi kinavumilia mpaka digrii 40, na ndani yake kuna kipimajoto cha kusahihisha mbio za enzimu. Hesabu hiyo inasahihisha joto la wakati wa kupima. Haiwezi kusahihisha enzimu iliyokufa kwa kukaa majuma matatu kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua. Kopo lifungwe vizuri kila mara, hata wakati wa mvua kwa sababu unyevu nao unaharibu, liwekwe pahali pa kivuli penye ubaridi, na namba isiyofanana na hali ya mgonjwa ipimwe tena, ikiwezekana kwenye laboratwari ya hospitali.

Mkojo unaopanda ndege

Kuna kazi ingine ambamo chujio la hidrojeli lingeweza kutufaa zaidi ya sukari, na hiyo ni ya kwetu hasa.

Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya Katanga. Walikusanya mkojo wa watu 351. Kwa wale waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, wastani wa kobalti ulikuwa mikrogramu 15,7 kwa kila gramu ya kreatinini. Watafiti waliandika kwamba viwango hivyo vya kobalti ni vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa wakaaji wa kawaida, yaani watu wasiokuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walipima pia risasi, kadmiamu na uranium. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine uliofanywa Lubumbashi ulionyesha uhusiano kati ya baba kufanya kazi ya migodi na mtoto kuzaliwa na ulemavu unaoonekana.

Chupa hizo za mkojo zilipanda ndege kwenda kupimwa Ubelgiji. Mashini inayosoma metali kwa kiwango hicho inahitaji gesi ya argoni, umeme usiotikisika na mafundi wa kuitunza. Kwa sayansi hakuna ubaya wowote, matokeo yalikuwa ya kuaminika. Lakini mama wa Ruashi au wa Kipushi anayetaka kujua leo kama mtoto wake ana risasi mwilini hawezi kungoja ndege.

Na hapa chujio lina kazi rahisi kuliko ile ya sukari. Tayari kuna biosensa za risasi na za uranium zilizotengenezwa kwa vipande vya ADN ambavyo vinakatika metali hiyo ikivigusa. Adui yao mkubwa katika mkojo au damu ni enzimu za mwili zenyewe zinazopenda kukata ADN ovyo. Enzimu hizo ni protini, kubwa mara mia na zaidi kuliko ioni ya risasi. Kumbe hapa hatubishani juu ya 180 na 176. Wavu wa jeli unaweza kuruhusu ioni na kuacha enzimu nje bila mashaka mengi. Kobalti yenyewe ni ngumu zaidi, kwa sababu inafanana sana na nikeli na shaba, na udongo wetu umejaa shaba.

Bado kuna mtego mmoja ambao wenye kubuni vifaa hivi mbali na hapa hawawezi kuuona kwa urahisi. Viwanda vya shaba na kobalti vya Haut-Katanga vinayeyusha mawe kwa asidi ya salfuriki, na kwa hiyo maji yanayotoka huko yanabeba salfati. Kati ya chumvi za kawaida, salfati ni moja ya zile zinazoshusha mpaka wa PNIPAM kwa nguvu zaidi, kupita chumvi ya jikoni. Chujio lililopangwa vizuri kwa maji ya bomba ya Brussels linaweza kujifunga mapema sana katika maji ya mferiji unaoingia Kafubu.

Jaribio la kuona jambo hilo halihitaji mashini kubwa. Vipande vya jeli vilivyooshwa vizuri, kwa sababu malighafi yake ikibaki ndani ina sumu, chupa chache za maji kutoka sehemu mbalimbali za mto, sufuria ya maji ya moto na kipimajoto vinatosha: unapasha moto polepole na kuandika ni kwenye digrii ngapi kila kipande kinageuka cheupe. Mwanafunzi wa kemia anaweza kuifanya kwa siku mbili, na mwezi wa kumi hata sufuria anaweza kuiacha.